Kulipa kwa mwezi na kupanga kwa mwezi ni vitu viwili

Kuna jambo linawagonganisha wenye nyumba na wapangaji wao hapa Unguja na Pemba kila leo, na mara nyingi wanaogombana ni watu waliokaa vizuri miaka sita saba, wanaalikana harusini, wanapelekeana futari, halafu siku moja mwenye nyumba anasema tubadilishe sasa, kuanzia mwezi ujao tutakwenda kwa mwezi mwezi, mpangaji anaitikia sawa, na kila mmoja anaondoka na maana yake kichwani. Miezi minne mbele wako kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wao.

Chukua nyumba ya kawaida tu Fuoni, vyumba vitatu, uani kuna banda. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mpangaji ni kijana ana mke na watoto wawili wako skuli. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi.

"Mwanangu, mie hii miezi sita sita sasa naiona inanisumbua. Hebu tuwe tunakwenda kwa mwezi."

"Hakuna neno bi mkubwa, hata mie itanipa nafuu."

Yule mama anachokusudia ni kwamba sasa nyumba iko mikononi mwake, mwanawe akirudi kutoka Omani amwambie kijana apishe, naye apishe ndani ya mwezi. Kijana yeye amefahamu kwamba badala ya kutafuta milioni moja na nusu kwa mpigo atatoa shilingi 250,000 kila tarehe mosi, na kukaa kwake kuko pale pale. Hakuna aliyesema uongo hapo, wamezungumza mambo mawili tafauti kwa maneno yale yale.

Sasa tulifungue hili fundo, mana likifunguka hapa mengine yote yanakuwa mepesi. Mkataba wa kupanga una muda wa kukaa na una utaratibu wa kulipa, na hivi haviendi pamoja kwa lazima. Unaweza kuwa na mkataba wa miaka miwili unaolipwa kila mwezi, hapo mpangaji ana uhakika wa miaka miwili na mwenye nyumba hawezi kumtoa katikati bila sababu iliyoandikwa humo, kama vile kutolipa au kuharibu. Na unaweza kuwa na mkataba wa mwezi kwa mwezi ambao mtu kalipa miezi mitatu mbele kwa hiari yake. Mkataba wa mwezi kwa mwezi maana'ake hauna tarehe ya mwisho, unajizungusha wenyewe kila mwezi ukianza, na unaisha pale mmoja wao anapotoa notisi, yeyote kati yao, bila ya kulazimika kueleza kwa nini. Hapo ndo penye uzito. Anayekubali kuhamia mwezi kwa mwezi anakubali kwamba nyumba anayoiita kwangu anaweza kuambiwa aiache kwa notisi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba naye anakubali kwamba mpangaji wake mzuri wa miaka saba anaweza kumuaga kwa notisi hiyo hiyo akabaki na nyumba tupu.

Simaanishi kwamba ni kitu kibaya. Kwa wengine ndo nafuu khasa. Mtu anayefanya kazi hotelini Nungwi au Paje anajua ikifika Aprili na Mei, masika imeshika, wageni wamepungua, hoteli nyengine zinafunga kabisa na wafanyakazi wanarudishwa majumbani, kumwambia mtu huyo atoe kodi ya miezi sita mwezi wa nne ni kumpeleka kwenye madeni. Mwenye mshahara wa mwezi pia kodi ya mwezi inamkalia vizuri kuliko kusubiri zamu yake kwenye mchezo wa kuchangiana pesa ndo alipe kwa mpigo. Na mwenye nyumba aliyekusudia kuuza, au kuitengeneza iwe ya wageni, au anayengojea ndugu wakae wagawe urithi, hana haja ya kujifunga mwaka mzima. Kwa hiyo sababu za haki zipo pande zote mbili, tatizo ni namna watu wanavyolifanya, juu juu, kwa mdomo, mlangoni.

Jambo la kwanza la kujiuliza kabla hujabadilisha kitu: ule mkataba wa zamani uko wapi na unasema nini. Wengi wakienda kuutafuta kabatini wanakuta uliandikwa mwaka mmoja tu, ukaisha zamani, na toka hapo watu wanaendelea kulipana kwa mazoea. Huyu mpangaji hana mkataba wa muda tena, lakini si mvamizi pia, kwa sababu mwenye nyumba ameendelea kupokea kodi yake kwa ridhaa. Sheria zetu za mikataba na mali huku zimejengwa juu ya misingi iliyoachwa na Waingereza, na katika misingi hiyo mtu wa namna hii huhesabiwa mpangaji wa vipindi, anakaa kipindi kwa kipindi mpaka mmoja atoe notisi, na yale masharti ya mkataba wa zamani yasiyogongana na hali hiyo yanaendelea kumfunga. Kwa hiyo wengi wanaodhani wanahama kutoka mkataba mrefu kwenda mwezi kwa mwezi, ukweli walishahama zamani bila ya kujua.

Swali linabaki, kipindi chenyewe ni kipi? Mtu analipa miezi sita sita tangu aingie. Mwenye nyumba atasema kodi ni laki mbili na nusu kwa mwezi, basi kipindi ni mwezi. Mpangaji atasema mimi nalipa kwa miezi sita, kipindi changu ni miezi sita, na notisi yangu iwe hivo. Wote wana hoja, na hoja hizi zinatizamwa kwa namna kodi ilivyohesabiwa na kuandikwa, sio tu ilivyokuwa ikitolewa. Mkipata karatasi ya zamani inayosema "kodi ni shilingi kadhaa kwa mwezi, italipwa miezi sita mbele" ni tafauti na ile inayosema "kodi ya miezi sita ni shilingi kadhaa". Ndo mana karatasi mpya ina faida hata kwa watu wanaopendana, inakata ubishi huu siku ambayo hakuna mwenye hasira.

Lakini kama mkataba wa zamani bado u hai, tuseme ni wa mwaka, ulianza 1 Julai na unaisha 30 Juni, na mwenye nyumba anakuja mwezi wa nne anataka kubadilisha, hapo aelewe hana uwezo wa kuamrisha. Muda ule mpangaji ameshaununua. Anaweza kuomba, wakakubaliana, ama asubiri Juni iishe. Na kuomba kwenyewe kuwe na kitu cha kumpa mwenzake: kodi kushuka kidogo, au notisi iwe ndefu, miezi miwili badala ya mmoja, au amalizie ule ukuta unaovuja. Mpangaji anayeacha uhakika wa miezi mitatu anaacha kitu cha thamani, asikiache bure kwa haya tu za kumkatalia mtu mzima.

Na pesa iliyokwishalipwa je? Hapa ndo watu wanapoumia. Kijana wetu wa Fuoni mwezi wa Januari alilipa miezi sita, shilingi 1,500,000. Wakikubaliana mwezi kwa mwezi uanze Aprili, basi Aprili, Mei na Juni zimeshalipwa, shilingi 750,000 ni zake ziko kwa mwenye nyumba, na mara nyingi mwenye nyumba hana tena, ameshaezekea banda. Ukiandika mkataba mpya kimya kimya unaosema "mpangaji atalipa kodi kila tarehe 1 kuanzia Aprili" bila kuitaja ile pesa, umejitengenezea kesi. Njia safi ni mbili tu, ama mkataba mpya uanze Julai ile ya zamani ikishaliwa yote, ama uandikwe sasa na useme wazi kwamba kodi imelipwa mpaka 30 Juni na malipo ya mwezi yataanza 1 Julai, na ikitokea mwenye nyumba akataka nyumba kabla ya hapo atarudisha kodi ya miezi iliyobaki siku ya kukabidhiwa funguo, sio baadae, sio nikipata.

Dhamana pia, kama ilitolewa wakati wa kuingia miaka hiyo, itajwe kwamba imehamia kwenye mkataba mpya kiasi kile kile. Nimeona watu wanaombwa dhamana ya pili kwa nyumba waliyomo ndani, na nimeona dalali anajitokeza anadai kodi ya mwezi mmoja kwa "mkataba mpya". Dalali hulipwa kwa kuleta mtu na nyumba, hapa mtu yumo na nyumba ipo, hakuna alichokileta.

Sasa notisi, tukae hapa kidogo kwa sababu ndo moyo wa mkataba wa namna hii. Kanuni ya zamani ya sheria ya Kiingereza ni kwamba mpangaji wa vipindi hupewa notisi ya kipindi kizima, wa wiki wiki nzima, wa mwezi mwezi mzima, na notisi iishie pale kipindi kinapoishia, sio katikati. Lakini watu wakiandikiana muda wao ndo unaofuatwa, kwa hiyo msitegemee kanuni, andikeni. Na muandike mpaka namna ya kuhesabu. Kwa mfano mtu alihamia tarehe 5, mwezi wake wa kodi unakwenda kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 4. Anapewa notisi 20 Agosti. Ukihesabu siku 30 tangu siku aliyopewa anatakiwa atoke 19 Septemba. Ukihesabu mwezi mzima wa kodi, mwezi unaofuata unaanza 5 Septemba, anatoka 4 Oktoba. Hizo ni siku kumi na tano kati ya hesabu moja na nyengine, nusu ya kodi ya mwezi, na ni muda wa kutosha mtu kupata nyumba nyengine au kukosa. Mie binafsi naona hesabu ya mwezi mzima wa kodi ni bora, inaondoa ubishi wa kugawa kodi ya siku siku.

Na mwezi mmoja kwa familia ni mdogo jamani. Kutafuta nyumba mjini hapa na watoto, karibu na skuli, kwa bei ile ile, na huyo mwenye nyumba mpya anataka miezi sita mbele, mwezi mmoja hautoshi. Kwa mpangaji aliyekaa muda mrefu nashauri notisi ya miezi miwili ikitoka kwa mwenye nyumba na mwezi mmoja ikitoka kwa mpangaji. Hakuna kinachokataza zisilingane, mkataba unabaki kuwa wa mwezi kwa mwezi. Na mnaweza kuongeza mambo ambayo watu wa huku tunayajali na tunayafanya bila kuandika, kwamba notisi isimwangushe mtu nje ndani ya mwezi wa Ramadhani, au katikati ya mitihani ya watoto. Wenye nyumba wengi wana huruma hiyo tayari, ila mwenye nyumba akifariki warithi hawaijui ahadi ya mdomo.

Warithi, eeh. Nyumba nyingi tunazopanga ni za marehemu, anayekusanya kodi ni kaka mkubwa au shangazi, na wengine wako Dar, Muscat, London. Huyo anayekuletea karatasi mpya ya mwezi kwa mwezi ana idhini ya wenzake? Akiwa na barua ya uwakala kutoka kwa warithi wengine, vizuri, ataje humo. Kama hana, leo unasaini na huyu kesho anakuja ndugu yake anasema mimi sijui mkataba huo, kodi ya sehemu yangu iko wapi. Nyumba ikiwa ya wakfu iliyo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au ya Shirika la Nyumba, hapo mwenye maamuzi ni taasisi yenyewe na utaratibu wake, jirani anayekukodishia chumba alichokodi yeye hawezi kukubadilishia lolote.

Jengine linalonikera kwa sababu linawaponza watu wenye nia njema: mikataba ya kudownload na ya kutumiana WhatsApp. Mtu anachukua fomu ya Dar, inasema pande zote zitafuata Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, anabadilisha majina anapiga saini. Sheria ile ni ya Bara. Ardhi si jambo la Muungano, huku tuna yetu, Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992, na migogoro ya ardhi ina mahakama yake iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, Mahakama ya Ardhi. Na huku tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ni mali ya serikali, mwenye nyumba ana haki ya kuitumia na ana jengo lake. Mkataba unaotaja sheria ya upande mwengine haukusaidii kitu siku ya ugomvi, zaidi utapoteza muda wa hakimu na wako.

Watu wetu hawakuanza leo kulichukulia kwa uzito suala la kodi, mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, wakasimama pamoja mpaka serikali ya kikoloni ikaingilia. Wale walijua nyumba ilikuwa yao na kiwanja cha mtu, na walijua tafauti yake inawaumiza wapi.

Kwenye kupandisha kodi, mkataba wa mwezi kwa mwezi una mlango ambao wapangaji hawauoni mpaka umeshafunguliwa. Kwenye mkataba wa mwaka bei imefungwa mwaka mzima. Kwenye mwezi kwa mwezi mwenye nyumba anaweza kukuambia kuanzia mwezi wa kesho kutwa kodi ni laki tatu, hutaki notisi hii hapa. Kwa hiyo muandike, kodi haitapanda zaidi ya mara moja kwa mwaka na itatolewa taarifa miezi miwili kabla. Mwenye nyumba mwenye busara hatolikataa hili, mana mpangaji anayelipa kwa wakati na kuitunza nyumba ni bora kuliko laki moja ya ziada na nyumba kukaa tupu miezi mitatu.

Halafu vitu. Mpangaji wa miaka saba ana vitu vyake vilivyogandana na nyumba. Maji yanasumbua mitaa mingi, kwa hiyo kaweka tangi la lita elfu moja juu na pampu chini, kabadilisha waya, kapaka rangi, kaweka nyavu za madirisha na feni za juu. Alivifanya akiamini atakaa. Sasa anahamia kwenye mkataba ambao anaweza kuondoka baada ya mwezi. Pitieni nyumba pamoja, chumba kwa chumba, mkaandika kipi ni cha mpangaji ataondoka nacho na kipi kitabaki, na kama kitabaki kinafidiwa vipi. Pigeni picha ukuta unaopiga chumvi, bati linalovuja, mlango ulioliwa na mchwa, ili mpangaji asije akabebeshwa uchakavu wa miaka. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe ndo zaidi, kuta zile za mawe na chokaa zinashika unyevu kila masika, na mtu akiondoka Juni atakuta ukuta umechubuka na mwenye nyumba anamtizama yeye. Mita ya Tukuza haina tabu, kila mtu anajinunulia umeme wake, ila bili ya maji ya ZAWA isomwe siku hiyo ijulikane deni la zamani ni la nani.

Na matengenezo makubwa yabaki kwa mwenye nyumba, hili liandikwe kwa sababu mpangaji wa mwezi kwa mwezi hatoweka pesa yake kwenye paa la mtu, na akiombwa aweke "tutakata kwenye kodi" basi ile karatasi iseme ni kiasi gani na kwa miezi mingapi, na kwamba akipewa notisi kabla ya kumaliza kukata atarudishiwa iliyobaki.

Hata mkataba uwe wa mwezi, mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kufuli mtu akiwa kazini, au kung'oa mlango, au kukata maji ili mtu atoke mwenyewe. Notisi ikiisha na mpangaji hataki kutoka, njia ni sheha kwanza awakalishe, na ikishindikana ni vyombo vya sheria. Na mpangaji naye asifanye mchezo wa kukaa miezi mitatu baada ya notisi bila kulipa kwa sababu anajua kesi zinachukua muda, huo ni udhalimu kama ule mwengine.

Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu, ukurasa mmoja unatosha, kwa maneno kama haya: "Sisi tuliotajwa hapo juu tumekubaliana kwamba mkataba wetu wa tarehe fulani umemalizika leo kwa ridhaa ya pande zote. Kuanzia tarehe fulani nyumba hii itapangwa kwa mwezi kwa mwezi kwa kodi ya shilingi kadhaa kwa mwezi. Kodi imelipwa mpaka tarehe fulani. Dhamana ya shilingi kadhaa iliyotolewa awali inaendelea. Mwenye nyumba akitaka nyumba yake atatoa notisi ya maandishi ya miezi miwili kamili ya kodi, mpangaji akitaka kuondoka atatoa ya mwezi mmoja kamili." Chini yake kodi itapandaje, matengenezo ni ya nani, na orodha ya vitu. Ile sentensi ya kuumaliza mkataba wa zamani msiiache, bila hiyo mnakuwa na karatasi mbili zote zina saini na kila mmoja atashika inayompendeza.

Saini mbili, shahidi wa kila upande na namba za vitambulisho vyao, na mpeleke kwa sheha wa shehia aipige muhuri, mana yeye ndo atakayeulizwa kwanza nani anakaa nyumba ile na kwa makubaliano gani. Nakala tatu, moja ya mwenye nyumba, moja ya mpangaji, moja ibaki kwa sheha. Baada ya hapo kila mwezi kodi ikitoka ipite benki au kwenye simu ili ibaki na kumbukumbu, na ikitoka mkononi iandikwe risiti, hata kama ni bi mkubwa uliyekula kwake daku jana usiku.